Kalenda, Toleo la Kwanza

Tunduma, Mbozi
2 Mei 2009
(Barua hii haikutumwa.)

Dada Ketrina,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi ni Enoka, mdogo wake Mbonile, yule anayekuandikia na kukutumia diski za programu ya zahanati. Nimezunguka maneno haya tangu asubuhi, bora niyaseme. Kaka amefariki. Ilikuwa tarehe 11 Machi, pikipiki aliyopanda iligongana na lori pale Mpemba. Tumemzika nyumbani.

Barua yako ya Februari ilifika baada ya msiba nikaifungua, maana siku ya matanga wazee walinikalisha kwenye mkeka, wakanivalisha koti lake na kunipa jina lake. Kwetu Wanamwanga jina la mtu halizikwi. Hupewa mwingine, na aliyepewa huwabeba watu wote waliokuwa wakimtegemea marehemu. Tangu siku ile mama ananiita Mbonile. Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wananiita ba Mbonile, kwa heshima ya kwao. Enoka hayupo tena, na hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Kaka hakuacha mke wala mtoto. Aliacha duka la kompyuta, programu tatu, na barua zako thelathini na moja ndani ya boksi la printa. Nimezisoma zote. Nisamehe. Nilianza na moja, nikashindwa kuacha. Mimi sijawahi kuandikiwa barua na mtu yeyote.

Sasa ndipo ninapoogopa. Nikikwambia ukweli hutakuwa na sababu ya kuandika tena. Yeye alizipiga barua zake kwenye kompyuta, hivyo hata mwandiko hauwezi kunisaliti. Nitalala na jambo hili hadi kesho.

Enoka


Tunduma
3 Mei 2009

Dada Ketrina,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na msiba hapa nyumbani. Barua yako ya Februari nimeipata. Ulivyoomba, kwamba jina la kijiji cha mgonjwa litokee kwenye orodha ya kila Jumatatu ya wasiokuja kuchukua dawa, nitafanya. Diski italetwa na Aziz, dereva mpya wa lori la mpunga.

Ni hayo tu.

Mbonile


Zahanati ya Chilenga, bonde la Momba
19 Mei 2009

Kaka Mbonile,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nimeigeuza nyuma kuona kama kuna mengine, nikakuta karatasi tupu.

Pole kwa msiba. Hukusema ni nani. Kama ni mama yako ningependa kujua, ili nikisali nisimwombee mtu nisiyemjua jina.

Halafu hukuuliza swali. Tangu tulipoonana kwenye yale mafunzo ya siku tatu Vwawa, hujawahi kumaliza barua bila swali. Utauliza goti langu, utauliza kama ng'ombe wa Wasukuma wamekula tena mchicha wangu. Niliwahi kukutania kwamba unauliza ili nikose njia ya kutokujibu, nawe ukakiri. Sasa umeandika "ni hayo tu", nami nimekaa siku mbili nikijiuliza kama nimekukosea.

Huku hakuna jipya. Mtandao wa simu bado tunausikia kwa wenzetu. Paneli ya jua inafanya kazi, kompyuta inawaka, na leo ni siku ya tatu sijazungumza na mtu jambo lisilohusu kikohozi. Hapa wote wananiita sista. Jina langu naliona kwenye bahasha zako tu.

Goti linauma, kama ulikuwa unataka kuuliza.

Ketrina


Tunduma
6 Juni 2009

Dada Ketrina,

Hujanikosea. Aliyefariki ni mdogo wangu, Enoka. Ilikuwa ajali ya pikipiki. Ndiyo maana nimekosa maneno.

Diski ndiyo hii. Jina la kijiji litatokea kama ulivyotaka. Nimegusa pia Kalenda, kile kipande cha chini ambacho programu zote tatu hukitegemea, ambacho wenye kazi hii hukiita maktaba. Yako ya zahanati, ya kahawa kule Hasamba, na ya malori hapa mpakani, hakuna inayojua kusoma tarehe yenyewe. Zote huiuliza Kalenda. Watu wa malori wana makaratasi yanayotaja mwezi kwanza, basi nimeirekebisha iwaelewe na wao.

Usihangaike. Jina ni lilelile, na namba ni ileile, toleo la 1. Weka diski, bonyeza ndiyo, basi.

Goti lako linaendeleaje?

Mbonile


Chilenga
27 Juni 2009

Kaka Mbonile,

Enoka! Nimelia, na wala sikuwahi kumwona. Lakini nilimjua kwako. Ndiye aliyekuwa akilamba sukari kavu mama akienda sokoni. Ndiye aliyefungua redio ya baba yenu akairudisha na skrubu tatu zikabaki mkononi, na redio ikaimba. Nimemtaja Jumapili kanisani, na mwinjilisti akaniuliza ni nani wangu, nikasema ni mdogo wangu. Sikuona kama nimedanganya.

Kwa hiyo nimekusamehe ufupi. Mtu aliyezika mdogo wake haulizwi kwa nini barua yake haina utani.

Diski nimeiweka na imekubali. Majina ya vijiji yanatoka vizuri.

Goti lile lile. Ahsante kwa kuuliza.

Ketrina


Tunduma
20 Julai 2009

Dada Ketrina,

Nina ombi moja. Yale niliyowahi kukuandikia kuhusu Enoka, niandikie tena. Sikuweka nakala, na mengine nimeyasahau. Yoyote yale, hata mabaya.

Je, unazo bado barua zangu?

Mbonile


Chilenga
9 Agosti 2009

Kaka Mbonile,

Ninazo, zipo kwenye kopo la maziwa ya unga ili mchwa wasizifikie. Nimezipitia kutwa nzima ya leo, Jumapili. Nakunukulia ya Novemba mwaka jana, ndiyo ninayoipenda:

"Enoka anakaa nyuma ya duka akidhani simwoni. Ana mkono mzuri wa kazi kunishinda mimi, tatizo haulizi. Akikwama anabuni. Ninaogopa kumsifu asije akavimba kichwa, lakini wewe nakwambia: duka hili siku moja litakuwa lake, na litakuwa bora. Ngoja nipate nafasi nimfundishe lile daftari la bluu."

Sasa hakuna wa kufundishwa, pole kaka. Laiti ungemsifu.

Huku orodha za Jumatatu zimepungua. Wiki iliyopita wa kifua kikuu walitoka wawili tu. Nilimwambia Sunday, yule mwenye pikipiki anayewafuatilia wasiokuja, apumzike. Nikasema labda Mungu ameamua kutuonea huruma watu wa bondeni.

Ketrina


Chilenga
14 Septemba 2009

Mbonile,

Leo sina salamu.

Kuna mgonjwa wangu anaitwa Mabula, mfugaji. Amekunywa dawa za kifua kikuu miezi mitatu bila kukosa. Kiangazi hiki alihamisha ng'ombe upande wa Ziwa Rukwa, na alitakiwa kurudi kuchukua dawa tarehe 4 Agosti. Hakuja. Jana mkewe, Kabula, amemleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, ametapika damu. Amekaa wiki tano bila kidonge. Kabula aliniuliza bila ugomvi: "Sista, mbona safari hii hamkumtuma yule wa pikipiki? Sisi tulimsubiri."

Sunday hutumwa kwa jina lililo kwenye orodha, mafuta yenyewe ni ya kupimiwa. Nimezipekua orodha zote za Agosti na Mabula hayumo. Kwenye kadi yake, kwa mkono wangu, imeandikwa 4/8. Kwenye kompyuta inasema alitakiwa tarehe 8 Aprili. Imegeuza siku kuwa mwezi. Kwa hiyo kompyuta ilimwona kama mtu wa Aprili aliyekwisha kupita, na orodha za Agosti zikamruka.

Nikatazama wengine. Anayetakiwa tarehe 20 yuko sawa. Wa tarehe 3, 5, 11, wote wamegeuzwa.

Zamani kila Jumatatu nilipekua kadi moja moja. Niliacha kwa sababu nilikuamini. Wewe ndiye uliyeniambia mwaka 2006, mbele ya watu wote pale Vwawa, kwamba hutawahi kunitumia kitu bila kuniambia kimebadilika nini. Niambie basi.

Ketrina


Tunduma
1 Oktoba 2009

Dada Ketrina,

Shikamoo.

Kosa ni langu, na nitalieleza lote. Watu wa malori huanza na mwezi, wewe huanza na siku. Nilipowarekebishia wao Kalenda niliifanya isome mwezi kwanza, na ikikuta mwezi wa ishirini, ambao haupo, igeuze yenyewe. Ndiyo maana tarehe kubwa zilikuwa sawa na ndogo ziliharibika bila kelele. Kwao ilikuwa dawa. Kwako ilikuwa sumu, nami nikakuletea kwa jina lilelile na namba ileile.

Barua yako iliponifikia nililifungua daftari la bluu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Ukitengeneza ndani tu, badili namba ndogo. Ukibadili jibu, badili namba kubwa, na uandike nani anategemea ipi. Wanaoegemea hapa huwaoni." Mstari huo nilikuwa nimewahi kuuona. Sikuuvunja kwa kutojua. Niliona nikiandika toleo la 2 nitakuwa nimemzika kaka mara ya pili. Kwetu jina halibadilishwi. Anaingia mtu mwingine ndani yake, na watu wanaendelea kuegemea. Nikadhani hata programu ni hivyo.

Dada, aliyefariki ni Mbonile. Ni tarehe 11 Machi. Enoka ni mimi.

Naambatanisha barua ya tarehe 2 Mei ambayo niliiandika nikashindwa kuituma. Sikutaka kukudhihaki. Nilikuwa nataka barua zako. Nilijua nikisema hazitakuja tena, na hapa hakuna mtu mwingine anayezungumza nami. Wanazungumza na yeye. Ulipolia kwa ajili ya Enoka niliisoma ile barua mara nyingi, maana ni wewe peke yako uliyegundua kwamba hayupo.

Hasamba nimekwenda mwenyewe kuwarudishia Kalenda ya zamani. Bahati yao kompyuta yao ilikufa tangu Mei, hivyo ile mpya haikuwahi kufanya kazi wala kudhuru mtu. Diski yako ndiyo hii, na karatasi yake. Kuanzia sasa hakuna diski itakayotoka hapa bila karatasi.

Enoka


MABADILIKO

Kalenda, toleo la 1. Mwandishi: Mbonile, aliyefariki 11 Machi 2009. Inasoma siku kwanza. Inategemewa na programu ya zahanati ya Chilenga na programu ya kahawa ya Hasamba. Haitaguswa tena.

Kalenda, toleo la 2. Mwandishi: Enoka, mdogo wake. Inasoma mwezi kwanza. Inategemewa na programu ya malori, Tunduma. Haichukui nafasi ya toleo la 1.

Diski iliyotumwa tarehe 6 Juni 2009 iliandikwa toleo la 1. Haikuwa kweli. Lilikuwa toleo la 2.

Matoleo haya mawili yanaweza kukaa kwenye kompyuta moja bila kudhuriana. Kila programu itaje kwa namba ile inayoitegemea.


Chilenga
10 Novemba 2009

Kwa Mhusika,

Diski na karatasi vimepokelewa tarehe 24 Oktoba. Ya Juni imefutwa. Kalenda toleo la 1 imerudishwa na nimeihakiki kwa kadi, moja moja.

Majina yaliyokuwa yamepotea ni kumi na tisa. Kumi na sita walikuja wenyewe. Wawili wamefuatwa na Sunday. Mabula ameanzishwa dawa upya, pamoja na sindano za miezi miwili, na amehamia nyuma ya zahanati na mkewe.

Mvua zimeanza. Aziz anasema hii ni safari yake ya mwisho hadi barabara ikauke.

Ketrina
Muuguzi


Tunduma
12 Desemba 2009

Dada Ketrina,

Najua barua hii haina gari. Nimekwenda kwa Aziz naye amenicheka, akasema daraja lenyewe limekwenda na maji. Nitampa hivyohivyo aiweke, itakufika itakapofika.

Sitaki unijibu. Nilitaka tu ujue kwamba daftari la bluu nimelimaliza lote. Ukurasa wa mwisho ameandika jina lako na maneno haya: "Goti. Mtafutie mkanda wa goti Mbeya." Mkanda nimeununua. Hautoki kwangu.

Enoka


Chilenga
18 Aprili 2010

Mdogo wangu Enoka,

Barua yako ya Desemba imenifikia juzi, imelowa pembeni. Mkanda umenitosha. Niliuvaa nikakaa kitandani, nikamlilia kaka yako kama nilivyopaswa kumlilia mwaka mzima uliopita.

Nilikuwa na hasira nawe miezi mitano, na mvua ilinisaidia kuitunza. Nikwambie kilichoniuma. Hata kwetu Hasamba jina hurithiwa, mimi mwenyewe nimebeba la shangazi. Lakini kwanza watu hulia. Wewe ulinipa mrithi kabla hujanipa msiba. Juni nikakulilia wewe uliye hai, na yeye aliyelala kaburini nikaendelea kumwandikia, nikimlaumu mbona haulizi maswali. Sikujua kwamba nilikuwa peke yangu kiasi hicho.

Hatukuwa wachumba, usije ukafikiri hivyo. Lakini sitasema kwamba hatukuwa kitu.

Mabula amepona kifua. Ameongezeka kilo saba, na amenipa ndama ambaye sijui nimpeleke wapi. Nilimweleza yote, kwamba kulikuwa na mtu aliyekufa na mwingine aliyejificha ndani ya jina lake. Akafikiri sana, akasema, "Huyo aliyejificha naye alikuwa mgonjwa, sista, na hakuwa kwenye orodha ya mtu." Nimeyafikiria maneno hayo wiki nzima, na hasira ikaisha.

Kwenye karatasi yako uliandika kwamba toleo la kwanza halitaguswa tena. Basi barua zake nimezifunga kwa kamba, na hakuna wa kuziendeleza. Ukitaka kuniandikia, andika wewe, mambo yako, kwa jina lako. Bahasha hii nimeiandika hivyo, waone wote wa nyumbani kwenu.

Namtuma Aziz na debe la mchele. Ni wa msiba. Upikwe kwa mama, uliwe na waliomzika. Najua mwaka umepita, ila mimi habari ilinifikia Oktoba.

Dada yako,
Ketrina


Tunduma
9 Mei 2010

Dada Ketrina,

Shikamoo.

Aziz alifika Jumamosi mchana. Tulikuwa uani, mama anachambua maharage na wazee wawili wamekuja kunywa chai. Akasimama mlangoni na debe begani, bahasha mkononi, akaisoma na kushangaa. Yeye tangu aanze safari hizi ananijua kwa jina moja tu. Akasema kuna mzigo wa mtu anaitwa Enoka, na kwamba labda amekosea nyumba.

Wazee wakatazamana. Nilikuwa na jibu lakini sikuwa na haki nalo, maana wao ndio walionivalisha lile koti.

Mama aliweka ungo chini. Akasema, "Hujakosea. Enoka ni mwanangu, yule pale." Kisha akalia. Alikuwa hajalia tangu Machi ile. Walimwambia Mbonile amerudi, naye akawa hana wa kumlilia.

Mchele tuliupika wote. Wazee walikula. Mmoja alinung'unika kwamba jina likishatolewa halirudishwi, na mama akamjibu kwamba hakuna anayerudisha jina, ila nyumba yake ina nafasi ya watoto wawili. Kwenye shughuli za ukoo nitaendelea kusimama mahali pa kaka. Nyumbani ananiita Enoka. Kila akiniita nachelewa kuitika.

Mambo yangu ni machache, sijazoea kuyaandika. Nina miaka ishirini na sita. Sukari kavu bado ninalamba. Zile skrubu tatu za redio ninazo hadi leo, na sijui zilitoka wapi.

Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, tumelizungushia matofali. Barabara imekauka. Utakuja nikuoneshe?

Enoka